Mafunzo ya siku chache yanatosha kutambua sonona?

Tabibu, Newala:
Ndugu zangu, habari za kazi. Zahanatini kwetu huja akina mama wanaolalamikia kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, nasi huwapa dawa za maumivu, kisha hurudi na daftari lile lile likiwa limejaa. Je, mafunzo ya siku chache yatamwezesha muuguzi kutambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nyuma ya malalamiko hayo?

Muuguzi, Masasi:
Kaka, siku chache hufungua mlango tu. Ustadi hujengwa na usimamizi unaofuata, na hapo ndipo tunapoachwa wenyewe. Mwongozo wa afya ya akili uitwao mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2010, uliandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa kama sisi. Mimi huuliza, “Mama, nyumbani kukoje?” kisha hunyamaza. Mmoja alilikunja na kulikunjua pindo la kanga yake mara tatu kabla hajasema neno.

Mkufunzi, Lindi:
Nakubaliana na dada. Nchini Zimbabwe, bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi, wakamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Nasisitiza pia kwamba swali la kujiua liulizwe waziwazi, kwa kuwa kuliuliza hakumpi mgonjwa wazo hilo.