Tumepigwa Zermatt: shale ya "kifahari", dhamana hawarudishi

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Kuna wakala wa kupangisha nyumba kule Zermatt, Uswisi (simtaji jina, mambo yanaelekea kisheria), amekalia faranga 3,000 zetu za dhamana na simu hapokei.

Tulikuwa familia tatu, wote tunaishi Ujerumani. Tukachanga, tukapanga shale, ile nyumba nzima ya mbao ya mlimani, wiki moja ya Februari. Kule ni Jumamosi hadi Jumamosi, usiombe siku nne, na shule zikifungwa bei inapaa. Faranga 11,800. Hapo sikulalamika, Zermatt ndivyo ilivyo. Tangazo liliahidi gari hadi mlangoni, unatoka ndani ukiwa umeshavaa skii (zile mbao za kuteleza kwenye theluji), mlima Matterhorn unauona ukiwa kitandani, sauna, na beseni la maji moto nje.

Gari hadi mlangoni! Zermatt magari ya petroli na dizeli hayaingii. Mgeni mwisho wake Täsch, kijiji cha jirani: unaacha gari kwenye maegesho ya kulipia, unapanda treni dakika kama 12, kisha kijijini unachukua viteksi vya umeme vyenye umbo la kabati. Mtu anapangisha nyumba pale pale, hilo halijui? Analijua sana. Na teksi yenyewe ilitushusha chini ya ngazi, dereva akanyoosha kidole juu, huyoo akaenda zake. Ngazi zimeganda barafu, masanduku, watoto wanalia, mama mkwe na magoti yake tumemshika huku na huku.

Sauna nayo, ukifungua mlango unakutana na magodoro yamepangwa hadi darini. Beseni la maji "moto" kipimajoto kinasoma 19, juu yanaelea majani ya msonobari na utando kama wa uji uliolala. Nikapiga picha, nikatuma saa ile ile. Nikajibiwa fundi anakuja kesho. Hiyo kesho hatukuiona mpaka tunaondoka. Mashine ya kukaushia buti ilikuwa mbovu, kwa hiyo kila asubuhi tunaingiza miguu kwenye buti mbichi, halafu robo saa kwa miguu hadi kwenye lifti ya kupandisha watu mlimani. Aliyewahi kutembea na buti za skii juu ya barafu anajua ninachosema. Matterhorn ina mita 4,478, si kitu cha kujificha, lakini kitandani kwetu tuliona paa la jirani na bomba lake la moshi.

Kodi ya wageni ya kila usiku nililipa bila neno, ile ni ya manispaa na ni halali. Ila usafi wa mwisho, ambao mkataba unasema umo ndani ya bei, wametukata upya kwenye dhamana. Hela iliyobaki wanadai tumekwaruza sakafu ya sebuleni. Wakuu, mkwaruzo huo umo kwenye picha za tangazo lao wenyewe! Karibu na mguu wa meza, urefu wa kiganja. Nimewatumia picha zote mbili. Vitiki vya bluu vimewaka, jibu hakuna.

Na kabla hamjaja na "Uswisi sheria zimenyooka": sheria zao za kumlinda mpangaji wa nyumba, pamoja na ile ya kuweka dhamana benki kwa jina lake, hazihusu nyumba ya likizo iliyopangishwa kwa miezi isiyozidi 3. Hela yako inakaa mkononi mwa dalali. Na dalali ni dalali tu, awe Kariakoo au chini ya Matterhorn.

Kilichobaki ni ofisi ya kudai madeni, Betreibungsamt. Kufungua dai hawakuombi ushahidi, na akishapelekewa ana siku 10 za kupinga. Najua atapinga. Lakini dai linaingia kwenye rekodi yake, na mfanyabiashara wa kule rekodi hiyo inamuuma kuliko matusi yangu. Fomu nimeshajaza.

Sasa nauliza: kuna aliyewahi kufungua dai hilo akiwa anaishi nje ya Uswisi? Mwenzako alipopinga ulimfuataje, na wakili alikula kiasi gani? Wale wa "pole mkuu, si ungeenda tu Moshi ukaangalie Kilimanjaro bure", leo naomba mpite kimya kimya.