Naomba ushauri: vitabu vya kusikiliza nikiwa kwenye cherehani, nianzeje na nijihadhari na nini?

Mshonaji_Arua

Habari za kushinda wakubwa. Naomba mwongozo wa wanaovijua vitabu vya kusikiliza, vile vinavyosomwa kwa sauti mwanzo hadi mwisho.

Mazingira ni haya: kibanda cha kushona sare za shule hapa Arua, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Mikono na macho viko kwenye kitambaa, masikio yako huru. Jioni macho yamechoka, kitabu cha karatasi hakisogei. Simu ni Android ya bei ya chini, nafasi iliyobaki ni GB 3, memori kadi ni ya GB 16, na bando ni la kupimapima.

Maswali yangu: kitabu kimoja kinakula MB ngapi? Maneno yanakaa kichwani au yanapita tu? Masikio yatastahimili saa zote hizo? Na vya Kiswahili vinapatikana? Kiingereza nakisikia, ila msomaji akikimbia ananiacha.

Natanguliza shukrani.

FundiSimu_Kla

Karibu fundi. Nianze na MB, maana hapo ndipo bando nyingi zinapoteketea.

Uzito wa faili hautokani na wingi wa kurasa bali na saa za sauti na kiwango kilichotumika kurekodi. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 ni kama MB 58. Msomaji wa kawaida hutamka maneno 9,000 hivi kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 ni saa 10: MB 290 kwa kiwango cha 64, MB 580 kwa kile cha 128. Muziki una haki ya kudai 128. Sauti ya mtu mmoja anayesoma haina haja nayo, tena penye mlio wa cherehani. Chukua 64, na kadi yako itabeba vitabu 50 hivi.

Pakua kwanza, ndipo usikilize. Anayesikiliza moja kwa moja mtandaoni kila akirudia sura huenda akalipia MB zilezile upya, na tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda linabeba ushuru wa 12%. Anayesikilizia YouTube hali yake ni mbaya zaidi: analipia na picha ambayo haiangalii.

Pa kuanzia bila kulipa ni tovuti ya LibriVox. Tangu 2005 watu wa kujitolea wanasoma humo vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha kwa sheria ya Marekani. Vingi ni vya Kiingereza na ni vya zamani. Tafuta palipoandikwa "solo", yaani msomaji mmoja kitabu kizima, la sivyo sauti itabadilika kila sura na utatumia dakika 5 kuizoea mpya. Kwa nafasi yako ya GB 3, pakua sura moja moja. Kitabu kizima huja kwenye faili ya zip, nayo ukiifungua inahitaji nafasi mara mbili hadi utakapoifuta.

Audible ni ya kulipia. Ina wasomaji hodari, ila kitabu unachonunua hufungwa ndani ya programu yao. Hukihamishii kwenye redio ya memori kadi wala simu ya katochi.

Sasa programu ya kuchezea. Programu ya muziki iliyokuja na simu si ya kazi hii: haikumbuki ulipoishia. Weka Voice au Smart AudioBook Player. Tengeneza folda moja kwenye kadi, iite Vitabu, na ndani yake kila kitabu kiwe na folda yake. Kisha ifungulie programu hiyo betri: Mipangilio, Programu, chagua jina lake, Betri, uondoe kizuizi. Simu za bei ya chini zina tabia ya kuua programu kioo kikizima, na hapo sauti hukatika baada ya dakika chache. Watu hulaumu kadi kumbe ni simu inayojiokolea chaji.

Mwalimu_Gulu

Swali la pili ndilo zito, niruhusuni nilikalie.

Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake Marekani walilinganisha watu wazima waliosoma kitabu kwa macho, waliokisikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja. Kitabu kilikuwa cha masimulizi ya kweli, na hawakupata tofauti ya maana katika uelewa. Lakini mwaka 2010 David Daniel na William Woody waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya masomo; waliosikiliza walifanya vibaya kwenye maswali kuliko waliosoma. Matokeo haya hayagombani. Hadithi ina kamba: tukio linavuta tukio, na ukipoteza sentensi mbili unaunganisha. Hoja ya kitaaluma haina kamba hiyo. Jicho linaweza kusimama, kurudi mstari wa juu, kulinganisha. Sikio linaburutwa tu.

Kwa hiyo sikiliza riwaya, wasifu wa mtu, historia inayosimuliwa, safari. Kitabu cha hesabu za biashara, sheria, dawa au chochote chenye majedwali kisome kwa macho, hata kama ni kurasa 3 kwa siku.

Halafu kuna kazi yenyewe. Si kila hatua ya ushonaji inakubali kitabu. Mshono mrefu wa pembeni, kupiga ovaloki, kukunja pindo la sketi, kutarizi vitundu vya vifungo: hizo mkono unazijua, kichwa kiko wazi. Kupima na kukata ni jambo lingine. Unapohesabu "inchi 26, ongeza 1 ya mshono" unayasema maneno hayo kichwani, na msomaji naye anasema yake mahali palepale. Mmoja lazima ashindwe. Kitabu kikishindwa utarudia sura. Kipimo kikishindwa umeharibu kitambaa cha mtu. Zima wakati wa kukata, kupanga mkono wa shati na kuweka zipu.

Akili ikizurura, usirudi mwanzo wa sura. Rudi sekunde 30, na kama bado hujui uko wapi, rudi dakika 2. Ukijikuta unarudi mara 3 ndani ya robo saa, ama umechoka ama kitabu si cha kusikiliza.

Dada_Nakasero

Nyongeza kwa anayeachwa na Kiingereza: punguza kasi hadi 0.9 au 0.85. Chini ya 0.75 sauti inavutika na maneno yanazidi kuwa magumu badala ya kuwa mepesi. Baada ya sura kadhaa rudisha 1.0.

Majina ya watu na miji ndiyo hupoteza wengi, kwa sababu sikio halijui yanavyoandikwa. Vitabu vya LibriVox vingi vina maandishi yake ya bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Soma kurasa 5 za mwanzo kwa macho, andika majina 6 au 7 ya wahusika kwenye kipande cha katoni, kining'inize mbele ya cherehani. Kitabu kinabadilika kabisa.

Boda_Msomaji

Mimi naona 1.5 ndiyo kasi yenye tija. Kitabu cha saa 10 unakimaliza kwa saa 6 na dakika 40.

Mwalimu_Gulu

Kwa habari na mihadhara unayoifahamu nusu, sawa. Kwa riwaya unalipa gharama. Kimya cha msomaji kabla ya neno zito ni sehemu ya kitabu, na kasi ya 1.5 inakikata kwa theluthi. Na usithubutu kwa ushairi. Utenzi wenye mizani 8 kila kipande umetungwa kwa ajili ya koo na sikio: kina cha mwisho kinakungoja, kinafika, kinatua. Hapo kusikiliza kunashinda kusoma kimya, tena kwa mbali, mradi uache mwendo ule alioupa mghani.

Sikio_Zima

Fundi, saa 8 mara siku 6 ni saa 48 kwa wiki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 (desibeli hupima ukali wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa zinashuka hadi 4. Si 4 kwa siku, ni 4 kwa wiki nzima. Ndiyo maana sauti ndogo si suala la adabu, ni la hesabu.

Kwa kuwa huna kipima sauti, tumia ngazi. Simu nyingi za Android zina ngazi 15 za sauti. Usipite ya 9, hiyo ni asilimia 60. Mtu akisema nawe kwa sauti ya kawaida umbali wa mkono mmoja na husikii, umezidisha.

Kinachomfanya mtu apandishe ni mlio wa nje. Tumia hedifoni zenye mpira unaoziba tundu la sikio, na ujaribu mipira yote 3 inayokuja nayo. Wa kati haufai kila mtu. Mpira ukikaa sawa, cherehani inafifia na sauti ya kitabu inatosha kwenye ngazi ya 6. Lakini kibandani kuna wateja, kwa hiyo vaa upande mmoja tu, na ubadilishe sikio kila baada ya saa 2. Ukivaa mmoja washa sauti ya mono: Mipangilio, Ufikivu, Sauti ya mono. Bila hivyo, rekodi yenye wasomaji wawili inaweza kumpeleka mmoja wao kwenye sikio usilovaa.

Waya upitishe mgongoni, chini ya shati, utokee shingoni. Usiuache mbele. Gurudumu la cherehani likiudaka, linavuta simu mezani na kichwa kuelekea sindano.

Osha mipira kwa sabuni kila wiki, usiazimane, na sikio likiwasha au likitoa maji acha kabisa, nenda kliniki. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani, visitumike. Na ukipanda boda kurudi nyumbani toa zote mbili. Dereva ndiye haswa asiyefaa kuvaa hata moja, kwa sababu lori la nyuma linasikika kabla halijaonekana.

Mswahili_Jinja

Kwa Kiswahili nitasema wazi: rafu ni nyembamba. Kilichokamilika na rahisi kupata ni Biblia, ipo kwa sauti kwenye programu za bure. Riwaya zetu nyingi hazijawahi kurekodiwa, na zinazozunguka kwenye makundi ya simu mara nyingi zimerekodiwa bila ruhusa ya mwandishi. Hizo ziacheni. Soko hili dogo halitakua kama mwandishi hali.

Njia nyingine ni kuisomesha mashine. Kivinjari cha Edge kina sauti 4 za Kiswahili: Zuri na Rafiki kwa lafudhi ya Kenya, Rehema na Daudi kwa ya Tanzania. Fungua maandishi, chagua kusomewa kwa sauti, chagua jina. Inahitaji intaneti muda wote. Sauti ya Google iliyomo kwenye Android inaweza kupakuliwa ikafanya kazi bila bando, ila ni kavu zaidi.

Mashine inakwama hapa. Kwanza, PDF iliyopigwa picha kurasa haina herufi ndani, ni picha tu, kwa hiyo utasikia kimya. Jaribu kuchagua neno kwa kidole. Lisiposhikika, usipoteze muda. Pili, nakala nyingi zimepoteza ritifaa, na "ng'oa" likawa "ngoa". Tatu ni mkazo. Sisi tunatofautisha barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara kwa kuinua sauti mahali tofauti. Mashine inakanyaga silabi ileile kote. Kwa taarifa unavumilia, kwa riwaya inakera.

Mwenye uoni hafifu ana mlango wa ziada: Uganda imo kwenye Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa sauti kwa wasioona bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki.

Mshonaji_Arua

Asanteni sana, mwalimu na wote. Nimepakua cha kwanza, kilobiti 64, nikakiweka kwenye redio ndogo ya memori kadi ili simu ipumue. Sura zinaruka: 1, 10, 11, 12, halafu 2. Kadi ni mbovu?

FundiSimu_Kla

Kadi haina kosa. Kifaa kinapanga majina kwa herufi, na kwa herufi "10" inatangulia "2". Badili majina yaanze na 01, 02, 03. Kitabu chenye sura zaidi ya 99 tumia 001.

Ikiwa redio bado inaruka, basi ni ya aina inayofuata mpangilio wa kunakiliwa, haiangalii jina. Futa folda yote, kisha nakili faili moja baada ya nyingine, ukianza na 01, na usiziburute kwa mkupuo.

Jambo lingine: redio hizo nyingi zikizimwa hukumbuka faili tu, au hazikumbuki chochote. Sura ya dakika 50 ikikatika dakika ya 40, unaanza upya. Kwenye kompyuta, programu ya mp3DirectCut inaikata sura vipande vya dakika 10 bila kupunguza ubora. Vipe majina 07a, 07b, 07c. Na chagua redio yenye tundu la hedifoni. Ikiwa na spika peke yake, majirani wa kibanda watakisikia kitabu wasichokichagua.