Muundi uliovunjika hauungi: vichocheo vya ukuaji hufanya kazi gani?

Msomaji wa Kisumu
Mdogo wangu, mwendeshaji wa bodaboda, alivunjika muundi akawekewa chuma, lakini miezi imepita na eksirei bado inaonyesha ufa. Daktari alitueleza kwamba uungaji wa mfupa huongozwa na vichocheo vya ukuaji. Je, hufanyaje kazi, na vipo vya kudungwa? Shangazi naye anasisitiza kijana apelekwe kijijini akandwe.

Mwalimu wa Biolojia, Nakuru
Pole sana kwa kuuguza, ndugu yangu. Kazi huanza katika damu inayoganda pale palipovunjika, kwa kuwa chembe sahani humwaga vichocheo viitwavyo PDGF na TGF-beta, protini zinazoziita seli za kinga pamoja na seli changa kutoka kwenye uboho na utando unaouzunguka mfupa. Kisha kundi la protini liitwalo BMP huziamuru seli hizo changa kuwa za gegedu au za kujenga mfupa, huku kichocheo kingine, VEGF, kikichipuza mishipa midogo ya damu, ambayo bila hiyo gegedu haligeuki kuwa mfupa mgumu. Mwili pia hutengeneza vizuizi, kama noggin inayoishika BMP isifikie seli, na mimi naviona vizuizi hivi kuwa muhimu sawa na vichocheo vyenyewe, kwani mfupa usiozuiwa huota hata ndani ya misuli.

Muuguzi wa wodi ya mifupa, Kakamega
Tafadhali mweleze shangazi kwa heshima kwamba asikandwe. Mishipa hiyo michanga hukatika kwa urahisi, na pengo linapochezacheza kupita kiasi seli hutengeneza nyuzinyuzi badala ya mfupa. Kama kijana anavuta sigara, aache leo, kwa sababu uvutaji huchelewesha mfupa kuunga. Mwombeni daktari apime pia sukari na achunguze kama kuna usaha au maambukizi kwenye chuma, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Msomaji wa Kisumu
Asanteni sana. Na hizo BMP, kwa nini asipewe tu?

Mwalimu wa Biolojia, Nakuru
Marshall Urist wa Marekani alionyesha mwaka 1965 kwamba mfupa uliotolewa madini, ukipandikizwa ndani ya misuli, huotesha mfupa mpya. BMP-2, aina moja ya BMP, ikitengenezwa maabara, iliidhinishwa huko mwaka 2004 kwa muundi uliovunjika ukatoboa ngozi, lakini haidungwi kwa sindano: daktari huiweka wakati wa upasuaji ikiwa imelowekwa kwenye sponji ya kolajeni. Ni ghali, kipimo chake huzidi mno kile cha mwili, na inaweza kufanya mwili uvimbe pale ilipowekwa au kuotesha mfupa mahali pasipostahili. Palipo na maambukizi haiwekwi. Kwa hiyo anzeni na vipimo alivyovitaja muuguzi, kisha mumuulize daktari kuhusu kupandikiza mfupa wa nyonga yake mwenyewe, ambao huja na seli hai pamoja na vichocheo vyake.