Mjadala: Kura yako ni ya kwako au ni ya watu wako? Kigoma na Tabora njooni tuongee

Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa tunapiga kahawa karibu na stesheni hapa Tabora, jamaa mmoja msomi kabisa akanitolea maneno kwamba nyie watu wa Kigoma hampigi kura, mnahesabiana ndugu tu, mtu akigombea mnauliza kwanza ni mtoto wa nani na anasali wapi, ndo maana mko mwisho wa reli mpaka leo. Watu wakacheka. Mi sikucheka na pale sikumjibu vizuri maana niliudhika, kwa hiyo namjibu hapa kwa utulivu, nikikosea mnirekebishe.

Msimamo wangu nausema mapema: mtu mwenye watu wake anapiga kura nzuri kuliko mtu asiye na mtu. Kinachoharibu kura zetu ni upweke, udugu unasingiziwa.

Tuanze na hiyo Kigoma yenyewe. Kama tungekuwa tunafuata damu tu, mbona tumebadilika hivi? Kigoma Mjini miaka ya tisini ilimpeleka bungeni Dk. Aman Walid Kabourou kwa tiketi ya CHADEMA wakati upinzani wenyewe bado mtoto mchanga, 2005 jimbo hilohilo likarudi CCM kwa Serukamba, 2015 likaenda ACT kwa Zitto na ndo lilikuwa jimbo pekee la chama hicho nchi nzima, 2020 CCM tena. Na 2010 chama cha NCCR-Mageuzi walipata majimbo manne Tanzania nzima na yote manne yalikuwa ya mkoa wa Kigoma. Kabourou alikuwa mtu wa pale pale, alikuwa na ndugu pale, na bado waliomweka ndo waliomtoa. Sasa huo udugu unaosemwa uko wapi hapo? Mi naona watu wanaokaa pamoja, wanaongea, wanachoka na mtu kwa pamoja, wanaamua kwa pamoja.

Nitawapa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Shangazi yangu anaanika dagaa Kibirizi, pale ziwani Kigoma. Asubuhi mitumbwi ikishaingia wakinamama wanamwaga dagaa kwenye vichanja, wanainama wanatandaza kwa viganja, na hapo mdomo haufungwi mpaka jua likolee. Mwaka mmoja wa uchaguzi nilikaa nao pale, wakawa wanamjadili mgombea mmoja wa udiwani. Mama mmoja akauliza, alipofiwa jirani yake alikuja? Mwingine akasema alikuja, ila alikaa robo saa akaondoka. Wa tatu akasema jamani msimuonee, siku ile mwanaye alikuwa kalazwa hospitali ya Maweni. Wakanyamaza kidogo. Halafu shangazi akasema haya, na ile hela ya kisima aliyokuwa anaishika je? Hapo ndo maneno yakawa mengi, huyu anajua fundi aliyelipwa nusu, huyu anajua bomba lilinunuliwa wapi.

Ukimsikia mama anauliza habari ya msiba unaweza kusema huyo hajui siasa. Mi nasema anajua sana. Msiba ni kipimo, unaonesha mtu anakuja wakati hana anachokipata au haji. Na cha muhimu zaidi ni yule wa tatu aliyemtetea mgombea, maana bila yeye wangekuwa wamemhukumu vibaya. Hiyo haipatikani kwenye bango, wala mkutano wa hadhara wenye spika kubwa hautakupa.

Sasa geuza upande wa pili, na hapa naongea habari yangu mwenyewe.

Nilikuja Tabora mwaka 2010 kutafuta kazi, nikapanga chumba Cheyo. Kadi ya kura niliiandikisha Kigoma. Tarehe 31 Oktoba 2010 nililala mpaka saa tano, sikuwa na mtu wa kuniuliza utaenda saa ngapi, na hata ningeenda jina langu halikuwa kwenye kituo chochote cha hapa. Mwaka ule waliopiga kura nchi nzima hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Watu walisema wananchi wamekata tamaa na siasa. Wengine sawa, ila mi sikuwa nimekata tamaa na kitu, nilikuwa peke yangu tu.

2015 nikajiandikisha hapahapa. Nikaingia kwenye mchakato simjui hata mmoja kati ya wagombea udiwani wa kata, miaka mitano nimeishi pale na majirani tunapeana salamu ya mlangoni inaishia hapo. Usiku wa wiki ya mwisho mtu akanigongea, kijana mstaarabu, akakaa kitandani maana kiti sikuwa nacho, akaniuliza natoka wapi, kazi inaendaje, mama mzima? Akaniachia fulana na elfu tano. Nikampa kura mtu wake. Wakuu, elfu tano sikuwa na shida nayo kihivyo. Nilimpa kwa sababu mwaka mzima ule ndo mtu pekee aliyekaa chumbani kwangu akaniuliza habari za mama yangu. Hili nalisema kwa uchungu maana yule diwani baadaye sikuwahi kumuona tena, na sikuwa hata na wa kumlalamikia.

Ndo maana nasema mtu mpweke ananunulika kirahisi, tena kwa bei ndogo, kwa kukaribishwa tu. Mama wa Kibirizi ukimpa doti ya khanga anaichukua, anaenda nayo kwenye kichanja, anawaonesha wenzake wanasema ooh na mimi kanipa, na mimi, basi khanga inakuwa khanga tu. Mi ya kwangu ilikuwa siri yangu na yule kijana.

Wazungu nao wameliona hili zamani. Marekani mwaka 1940 mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake walikwenda wilaya ya Erie jimbo la Ohio, wakafuatilia watu walewale mwezi baada ya mwezi mpaka uchaguzi wa rais kati ya Roosevelt na Willkie. Walitegemea kukuta redio na magazeti ndo vinageuza watu. Wakakuta watu wanageuzwa na watu, mke, rafiki, mfanyakazi mwenzake, yule mmoja wa mtaani anayefuatilia mambo halafu anawasimulia wengine. Na mwaka 2006 watafiti wengine kule Michigan, hukohuko Marekani, walituma barua nyumba kwa nyumba zikionesha nani kwenye mtaa alipiga kura chaguzi zilizopita na nani hakwenda, ikiahidi kuwa baada ya uchaguzi itatumwa nyingine. Waliopata barua hiyo walijitokeza zaidi kwa pointi kama nane za asilimia. Mtu akijua anaonekana, anatoka.

Hapo najua mtasema hiyo si ndo balozi wa nyumba kumi, yule wa kuangalia majirani wanafanya nini? Ni kweli na sitaki nijifanye sioni. Kuonekana na majirani kuna uzuri wake na kunabana pia. Kuna nyumba baba akishasema kura inaenda wapi habari imeisha. Kuna kijiji ukionekana umevaa rangi tofauti hata mashine ya kusaga wanakuweka mwisho. Dada mmoja wa Kasulu aliwahi kuniambia nyumbani kwao walikuwa wote chama kimoja mpaka alipoingia kikoba. Mle alikutana na wakinamama wa upande mwingine, wakawa wanakopeshana, wanauguzana, akaona kumbe hawana pembe. Siku ya kura akaingia kwenye kile kiboksi peke yake na akafanya alichoona yeye. Huyo hakuwaacha watu wake, aliongeza wengine. Kwa hiyo nikisema mtu mwenye watu nina maana watu wa aina zaidi ya moja, ukiwa na wa aina moja tu bado umefungiwa, tofauti ni kwamba mmefungiwa wengi.

Na kuna wapweke ambao hawakuchagua kuwa wapweke. Vijana wetu wa Kiha wanaokuja kulima tumbaku huku Urambo, Kaliua, Sikonge, wanakaa kambini porini, hela wanaipata msimu ukiisha. Uchaguzi mkuu wetu ni Oktoba, na Oktoba ndo vitalu vinamwagiliwa, matuta yanapigwa, tajiri hawezi kumwachia kibarua siku nne aende Kibondo kupiga kura arudi. Uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulianzia kwetu kabisa, Kigoma, Tabora na Katavi, tarehe 20 Julai 2024, siku saba. Siku saba! Mtu yuko kambini hana jirani wa kumwambia kuna zoezi la kuhamisha taarifa, atajuaje? Huyo hata kununuliwa hanunuliki, hayupo kabisa kwenye hesabu.

Halafu kuna sisi wa mpakani tunaoulizwa uraia kila tukifika dirishani. Nilishasimama mbele ya afisa mmoja akaniambia jina lako hili ni la ng'ambo ya mpaka, leta watu wanaomjua babu yako. Nikapata watu sita kwa siku moja, wazee wa Ujiji waliacha shughuli zao wakaja. Ningekuwa sina hao sita ningekuwa sina kitambulisho. Sasa mniambie kwa nini wagombea wakija nisiwaulize hao wazee kwanza.

Haya uwanja ni wenu.

---

Nimerudi baada ya kusoma michango yote, asanteni, mmenifikirisha.

Kaka wa Nzega kasema mahusiano haya haya ndo yanazaa ukabila, na sisi Kigoma tunapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote maana tumewapokea waliokimbia majirani zao kugeuka maadui. Kaka, hapo umenigusa na sina jibu jepesi. Nimeishi karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nimeongea na watu waliofukuzwa na mtu waliyekuwa wanaazimana naye jembe. Nachoweza kusema ni kwamba Ujiji nilikokulia Waha, Wamanyema, Wabembe, Warundi na Waarabu tunazikana, kaburi linachimbwa na yeyote aliye na nguvu siku hiyo. Mwanasiasa akija kututenganisha pale anapata shida, maana kila anayetukanwa kuna mtu pembeni anasema huyo alimzika mama yangu. Sijasema haiwezekani, nasema anapata shida.

Dada wa Mwandiga kasema upweke wa siku hizi hakuna, kila mtu ana simu na yupo kwenye magrupu kumi ya WhatsApp. Dada yangu, mi nilikuwa na simu Cheyo. Nilikuwa kwenye magrupu usiku kucha, nikawa najua matusi yote ya kitaifa na simjui anayeishi chumba cha pili. Hata utafiti wa Facebook wa Novemba 2010 kule Marekani, watumiaji kama milioni 61, waliooneshwa tangazo tupu la kwenda kupiga kura hawakubadilika, waliooneshwa na sura za marafiki zao kwamba fulani ameshapiga ndo walitoka kidogo, na walioambukizana zaidi ni wale marafiki wa karibu wanaojuana ana kwa ana. Yaani hata simu ilipofanya kazi, ilifanya kazi kwa kupitia mtu unayemjua.

Kuna aliyesema tunajadili bure, matokeo yenyewe hayaheshimiwi. Malalamiko hayo ni mazito na siyabezi. Ila hebu fikiria nani anakaa na wakala wa chama kituoni mpaka usiku, nani anasoma fomu ya matokeo iliyobandikwa ukutani kituoni na kuwapigia simu wenzake wa kata ya pili walinganishe. Hakuna anayefanya hivyo peke yake.

Na mjomba wa Ipuli aliyeuliza sasa mi binafsi nimefanya nini: nimehama Cheyo, nakaa kwenye nyumba ya wapangaji sita, Jumapili mwenye zamu anatoa mkaa na sukari tunakunywa chai uani. Mwaka jana bomba lilikatika siku tisa tukaenda wote sita ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alitoka nje kutusikiliza, viti vya ndani havikutosha.

Ombi langu sasa. Kama kuna mtu yuko kwenye mashamba ya tumbaku Kaliua au Ulyankulu, au ana ndugu kambini, naomba atuambie hali ikoje huko: 2024 kuna aliyewafikia kuhusu daftari? Nani aliwaambia? Na wale walioandikishwa Kibondo au Kakonko, kuna hata mmoja aliyeruhusiwa kwenda? Nataka kusikia kutoka kwao wenyewe kabla hatujaendelea kubishana sisi wa mjini.