Bahasha za kale za Tanga: nizipeleke mnadani Ulaya au nimuuzie mnunuzi wa hapa?

Kitukuu wa Karani

Salaam kwenu nyote. Baba mzazi wa babu yangu alikuwa karani wa posta Tanga na baadaye Pangani, na katika sanduku la bati aliloacha tumekuta albamu moja ya stempu pamoja na bahasha zipatazo arobaini ambazo bado zina stempu na mihuri yake. Humo mna stempu za Kijerumani zenye picha ya meli, stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa juu yake herufi G.E.A. (German East Africa), zile za twiga za Tanganyika, na stempu tatu za heller 7½ (heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni la Kijerumani) zilizochapwa kienyeji, ambazo mzee mmoja aliniambia kuwa zilitoka misheni ya Vuga.

Mnunuzi mmoja yuko tayari kuchukua vyote kwa bei ya jumla, kwa sharti kwamba kwanza nizibandue stempu kwa kuloweka bahasha majini, kwa kuwa eti karatasi kuukuu ni mzigo usio na faida. Naomba kuelimishwa: je, ni kweli bahasha hazina thamani, na minada ya London na Ujerumani humkata muuzaji kiasi gani?

Mzee wa Mihuri

Mwanangu, usiloweke hata moja. Aliyekwambia hivyo ama hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Stempu iliyobanduliwa inasimulia nusu tu ya habari. Bahasha nzima inaonyesha barua ilitoka wapi, ilifika lini, ilipitia posta gani, ililipiwa nauli ipi, na wakati wa vita inaonyesha hata kama ilifunguliwa na wakaguzi. Stempu ya I.E.F., yaani ile ya India iliyopigwa herufi za jeshi lililotumwa ng'ambo mwaka 1914, hupatikana kwa bei ndogo ikiwa peke yake. Ikiwa juu ya barua ya askari iliyopita posta ya kijeshi Afrika Mashariki, huwa ni kitu kingine kabisa, na wanaoshindania vitu vya namna hiyo mnadani hawatazami stempu bali mhuri.

Ama hizo za Vuga, ambayo Wajerumani waliiandika Wuga, zina kisa chao. Vita vilipokata njia ya bahari, stempu ziliadimika katika koloni, kwa hiyo mtambo wa chapa wa misheni ile ya Usambara ukachapa thamani tatu: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaenea, meli ya Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga Ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916, ikiwa imebeba shehena iliyokuwamo stempu mpya kutoka Ujerumani. Zile za misheni zikafukiwa ardhini huko Mohoro, karibu na Rufiji, zisiangukie mikononi mwa adui. Baada ya vita zilifukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa mnadani. Kwa hiyo stempu hizo zimezaliwa na mnada, ukitaka kusema hivyo. Ya heller 7½ ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko wenzake na ya rupia 1 ndiyo adimu, basi usijenge nyumba kwa hizo tatu. Jambo la kuangalia kwanza ni kama mojawapo iko juu ya bahasha.

Binti Shangani

Naongezea upande wa mnada, kwa kuwa niliwahi kuuza vitu vya marehemu mume wangu kwa njia hiyo.

Unapeleka picha zilizo wazi, mbele na nyuma ya kila bahasha, na nyumba ya mnada inakupa bei ya kukisia. Mkikubaliana, wanagawa mali katika mafungu, na hapo ndipo uwe macho. Fungu moja la bahasha arobaini litanunuliwa na mfanyabiashara atakayelifumua na kuuza moja moja kwa faida yake, ilhali bahasha nzuri tano au sita zikitengwa kila moja kwa namba yake, wakusanyaji wenyewe watapandishiana dau. Uliza pia bei ya chini ambayo bila kufikiwa fungu haliuzwi, na kama utatozwa lisipouzwa. Mimi sikuuliza, nikalipia hata picha za katalogi za mafungu yaliyorudi.

Kuhusu makato, chukua mfano wa nyundo ya mnadi kugongwa, yaani mauzo kufungwa, kwenye pauni 1,000. Ikiwa kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15, utapata 850. Na ikiwa ada ambayo nyumba ya mnada humtoza mnunuzi juu ya bei hiyo ni asilimia 20, yeye atalipa 1,200 kabla ya kodi. Mnunuzi mzoefu huipiga hesabu ada hiyo kabla ya kuinua mkono, kwa hiyo kwa hakika inatoka mfukoni mwako pia. Kamisheni hujadilika, hasa mali ikiwa nzuri, na asiyeomba hapunguziwi.

Jambo jingine ni cheti cha kuthibitisha kwamba stempu ni halisi. Stempu za India zilizopigwa neno Zanzibar mwaka 1895 katika kiwanda cha chapa cha gazeti la serikali zina makosa maarufu, kama vile "Zanzidar", na kwa kuwa kupiga neno juu ya stempu rahisi ya India si kazi ngumu kwa tapeli, bandia zimejaa. Stempu ya pauni 100 ya Kenya na Uganda ya mwaka 1925 nayo ilitumika zaidi kwenye hati za kodi, kisha wajanja wakafuta alama za kalamu ili ionekane mpya. Kwa vitu vya namna hii, cheti cha kamati ya wataalamu wa Royal Philatelic Society London, au cha wakaguzi wa BPP, chama cha wakaguzi wa stempu cha Ujerumani, kwa vya Kijerumani, ndicho kinachofungua mifuko. Kina gharama, basi usikiombee kitu cha pauni ishirini.

Jirani wa Makadara

Nakubaliana na waliotangulia, ila tusimjaze kijana ndoto. Stempu za twiga za thamani ndogo ni za kawaida, na ukizituma Ulaya gharama ya rejista na bima itakula faida yote. Hizo uza hapahapa. Hata vilivyo vikubwa havipandi siku zote: ile stempu maarufu ya senti 1 ya British Guiana, yenye rangi ya magenta, iliuzwa New York mwaka 2014 kwa dola milioni 9.48, na ilipouzwa tena mwaka 2021 ilipata milioni 8.3.

Kitukuu wa Karani

Nawashukuru sana. Sikusema jambo moja kwa aibu: kabla ya kuandika hapa nilikuwa nimekwisha kuloweka bahasha kumi na moja. Stempu zimekauka juu ya gazeti na bahasha ninazo bado. Je, nizibandike tena?

Mzee wa Mihuri

Usibandike. Stempu iliyorudishwa bila kutajwa huhesabiwa kuwa udanganyifu, na wataalamu huitambua. Tazama mhuri: kipande kimoja kimebaki juu ya stempu na kingine juu ya karatasi, kwa hiyo kila stempu itajulikana bahasha yake kwa kulinganisha duara. Ziweke pamoja bila gundi, kila jozi katika mfuko wake wa karatasi isiyo na asidi, mbali na unyevu wa Tanga, na uwaandikie watu wa mnada wazi kwamba zilibanduliwa. Bei itashuka, lakini si kama kuzitenganisha. Na hizo tatu za heller 7½, zilikuwa miongoni mwa ulizoloweka?

Kitukuu wa Karani

Hapana, mzee. Mbili zimo ndani ya albamu, na ya tatu iko juu ya bahasha yenye mhuri ambao sijaweza kuusoma vizuri. Kesho asubuhi nitaipiga picha kwenye mwanga wa jua.