Je, mwili ni chombo cha kubebea jeni tu?

MwalimuTemeke
Ndugu zangu, ninafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Temeke, na wiki hii mwanafunzi mmoja ameniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu harakaharaka. Nilikuwa nimewaeleza hoja aliyoitangaza mwanabaiolojia Richard Dawkins mwaka 1976, kwamba kiumbe hai ni chombo kinachoundwa na jeni (maelekezo ya kurithi yaliyoandikwa katika DNA ya seli), ambacho kupitia kwake nakala za jeni hizo huendelea kuwepo baada ya kiumbe chenyewe kufa. Binti huyo akauliza: nyuki anayemchoma mtu akafa bila kuacha mtoto, jeni zake zimefaidika nini? Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama basi mama yake anampenda kwa ajili ya jeni tu. Swali la kwanza nililijibu nusunusu, la pili likanishinda. Naomba msaada, hasa wa wale ambao kazi zao zinawakutanisha na mambo haya.

MfugaNyuki
Mwalimu, ninafuga nyuki upande wa Pugu, na jibu la swali la kwanza limo ndani ya mzinga. Mwiba wa nyuki mtendakazi una vijino, hivyo ukiingia katika ngozi ya mtu hauchomoki, na nyuki anapojinasua huacha sehemu ya tumbo lake. Lakini mtendakazi huyo kwa kawaida hazai. Anayezaa ni mama yake, malkia, na kundi likiokoka, malkia ataendelea kutaga watoto wenye nyingi kati ya jeni alizokuwa nazo yule aliyekufa. Mwanabaiolojia W. D. Hamilton alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1964: tabia ya kujitoa inaweza kuenea iwapo faida ya ndugu anayesaidiwa, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu wao, inazidi hasara ya anayejitoa.

Undugu wa nyuki una hesabu yake. Dume hutoka katika yai lisilorutubishwa, ana seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), na mbegu zake zote zinafanana. Kwa hiyo mabinti wa baba mmoja hushirikiana wastani wa robo tatu ya jeni zao, ilhali mama na mtoto hushirikiana nusu. Wengi hukomea hapo, nami naona hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu malkia hupandwa na madume wengi, na mabinti wa baba tofauti hushirikiana robo tu. Ndiyo maana mtendakazi akithubutu kutaga mayai yake ya madume, wenzake huyala: kwao, mtoto wa malkia ni wa karibu kuliko mtoto wa dada wa kambo.

MuuguziIlala
Nashukuru kwa maelezo ya nyuki, ila naomba neno "chombo" lisimfanye mwanafunzi adhani kwamba jeni hukitunza chombo chake. Mdogo wangu ana selimundu. Ugonjwa huu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa dhidi ya malaria. Wazazi wetu wana nakala moja moja, nao ni wazima. Kwa kila mimba yao, uwezekano wa mtoto kurithi mbili, yaani kuugua, ulikuwa robo. Jeni hiyo haikudumu kwa kuwa inamfaa mdogo wangu, bali kwa kuwa katika nchi zenye malaria wenye nakala moja waliokoka utotoni, wakakua, wakazaa. Mizani hiyo hupima nakala katika watu wengi na vizazi vingi, wala maumivu ya mtu mmoja hayaonekani humo.

Kuhusu mama, mwambie hivi: jeni haina nia, wala haipendi. Huenda uwezo wa mama kupenda ulijengeka kwa sababu watoto waliopendwa waliokoka, lakini mama yetu anapokesha kando ya kitanda wodini hapigi hesabu ya Hamilton. Anayependa ni yeye.

MtafitiMlimani
Niongeze jambo moja. Tukisema chombo, watu wa pwani tunafikiria jahazi na shehena yake, lakini shehena haiundi jahazi. Jeni inafanana zaidi na ujuzi wa fundi: jahazi huchakaa likaoza ufukweni, ujuzi uleule ukaunda jingine, huku makosa madogo ya kunakili yakiingia njiani. Tena si kila kilichomo katika DNA yetu kinaunda chombo. Sehemu inayotoa maelekezo ya protini haifiki asilimia 2, ilhali takriban asilimia 45 imetokana na vipande vilivyokuwa vikijinakili na kuhamahama ndani ya DNA yenyewe, ambavyo vingi sasa vimenyamaa.

MwalimuTemeke
Nimeelewa sasa kwamba nilianza somo kinyumenyume, kwa kusema jeni "zinataka". Jumatatu nitaanza na mzinga. Dada Muuguzi, naomba ruhusa yako niwasimulie habari za wazazi wako na mdogo wako bila kuwataja, maana darasani mwangu yumo kijana mwenye selimundu, na ningependa kwanza nizungumze naye faraghani.

MuuguziIlala
Simulia, Mwalimu. Ila akisema hataki lizungumzwe, tumia mfano wa nyuki peke yake.