Mbwa wa kuwinda amekuwa mtihani nyumbani, naombeni ushauri

Mama wa Mayungu, Malindi
Hamjambo, ndugu zangu. Mwajiri wa mume wangu aliporejea Italia alituachia mbwa wa aina ya Jack Russell, nasi tukampokea kwa furaha kwa kuwa hata magotini hafiki. Kumbe tumejitwika mzigo. Kwa miezi minane amefukua chini ya banda la kuku mara tatu, ameua majogoo wawili wa jirani, na hubweka kila punda wa maji apitapo. Juma lililopita mwanangu wa miaka minne alitaka kumnyang'anya kumbi la nazi, mbwa akamngurumia huku meno yote yako nje. Mume wangu amemfunga mnyororo chini ya mwarobaini, lakini naona ndipo anapozidi ukali. Je, nimtoe, au yapo ya kufanya?

Daktari wa Mifugo Mstaafu
Mama, mbwa huyo hana ubaya, hana kazi. Asili yake ni Devon, Uingereza, ambako kasisi John Russell, aliyenunua jike lake la kwanza mwaka 1819, alizalisha mbwa wadogo wa kuingia katika shimo la mbweha na kumbwekea mpaka atoke. Kufukua, kubweka na kutokubali kushindwa ndiyo aliyozaliwa nayo, nasi tunampiga kwa hayo hayo. Mwondoleeni mnyororo. Mtembezeni ufukweni alfajiri, na tena jua likipoa, akiwa na kamba ndefu, kwa maana akishanusa kaa shimoni hatasikia hata jina lake. Kisha mtengeeni kona moja ya mchanga, mfukie humo vifuu vyenye vichwa vya dagaa ndani, afukue hapo atakavyo. Kwenye banda, zikeni waya futi moja na nusu ardhini. Mimi sijamwona teria, yaani mbwa wa jamii hii ya kuwinda mashimoni, wa kuachiwa kuku peke yake.

Kuhusu mtoto, msimwadhibu mbwa kwa kunguruma, kwani hilo ndilo onyo lake, na mbwa aliyezuiwa kuonya huja akauma kimya kimya. Akishika kumbi, mtu mzima ambadilishie kwa kipande cha samaki. Mtoto na mbwa wasiachwe wawili peke yao hata dakika moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe kila mwaka.

Mzee wa Langoni, Lamu
Mwanangu, daktari amesema kweli, ila jirani naye ana haki yake. Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafi, na chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Jogoo hulipwa yakaisha, lakini ndoo ya udhu iliyotiwa mdomo ni kero ya kila siku. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda ameruhusiwa, hilo halina ubishi. Basi asivuke ua.

Mama wa Mayungu, Malindi
Ahsanteni sana, baba zangu. Majogoo nimeshayalipia, na ua tutauziba Jumamosi. Leo nimefukia vifuu vitatu. Amevitoa vyote kabla chai haijachemka, kisha akalala kivulini mpaka adhuhuri, na punda wa maji amepita mara mbili bila kubwekewa. Sasa dagaa ndio watakaonifilisi.